Mzee Hasemi Kwamba Ana Kiu

Neno la kutafakari: 2 Samweli, mlango wa 19, mstari wa 31 hadi 39



Barzilai Mgileadi alikuwa mtu wa miaka 80 siku ile alipoteremka kutoka Rogelimu ili amsindikize mfalme Daudi kuvuka Yordani. Alikuwa mtu mkuu, mwenye mali nyingi, wala hakuja kuomba kitu. Mfalme ndiye aliyekuwa na deni kwake. Kwani hapo kwanza, Daudi alipomkimbia Absalomu mwanawe akafika Mahanaimu, Barzilai na wenzake wawili walimletea vitanda na mabakuli na vyombo vya udongo, ngano na shayiri na unga, maharagwe na dengu, asali na siagi na kondoo. Na Maandiko yatupa sababu yao katika mlango wa 17: walifikiri kwamba watu hawa bila shaka wana njaa na uchovu na kiu huko nyikani. Hatusomi kwamba kuna mtu aliyewaomba. Walifikiri, wakaleta.

Basi mfalme amerudishiwa kiti chake, naye ataka kulipa. Amwalika mzee waende wote Yerusalemu, akatunzwe huko. Barzilai akataa. Autaja umri wake, kisha asema neno ambalo sisi tusomapo huwa twalipita upesi: kwamba hawezi tena kusikia ladha ya alacho wala ya anywacho, wala masikio yake hayazipati tena sauti za waimbaji; ya nini basi awe mzigo kwa mfalme?

Tusimame hapa kwenye neno la kinywaji. Mtu huyu aliitambua kiu ya wengine kabla hawajaitamka. Sasa amekuwa mzee, na ulimi wake mwenyewe haumwambii kitu.

Waganga wa siku hizi wangemfahamu Barzilai mara moja. Mwili wa kijana una walinzi wake. Jua likizidi, damu hukimbilia kwenye ngozi ili kutoa joto nje, jasho humtoka na kumpoza, na kiu humjia kwa nguvu hata aache jembe akatafute mtungi. Lakini kwa mzee walinzi hawa wamechoka. Jasho huchelewa kutoka, tena huwa haba. Moyo hauwezi tena kuisukuma damu nyingi kwenye ngozi. Figo haziyashiki maji kama zamani. Na kiu, ambayo Mungu aliiweka iwe kama kengele ya nyumba, hulia polepole mno au hailii kabisa; mwili waweza kukauka na mwenye mwili asijue. Tena wazee wengi hutumia dawa za shinikizo la damu, na baadhi ya dawa hizo huongeza mkojo, na hivyo hutoa maji mwilini. Dawa hizo ni njema, wala mtu asiziache pasipo kumwuliza mganga wake. Lakini siku za joto kali huongeza hatari.

Daudi mwenyewe alifika huko. Kitabu cha kwanza cha Wafalme chaanza naye akiwa mzee sana, afunikwa nguo wala hapati moto. Mwili uliolazwa na uzee hauwezi kujipatia joto wakati wa baridi, wala hauwezi kujitoa joto wakati wa jua. Aliyemwua Goliathi ahitaji mtu wa kumtazama usiku.

Hayo ni mambo ya uzee, nayo yalikuwako tangu zamani. Lakini siku zetu zimeongeza jambo ambalo Barzilai hakulijua. Dunia yenyewe inazidi kuwa na moto. Mwaka 2024 ulipokwisha, miaka 10 tangu 2015 hata 2024 ndiyo iliyokuwa ya joto kuliko yote tangu watu walipoanza kupima na kuandika, na mwaka 2024 uliipita yote: joto la dunia lilizidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa kadiri ya nyuzi 1.5. Mtu asiseme nyuzi moja na nusu si kitu. Homa ya mtoto ikipanda kiasi hicho mama yake halali. Sababu yake imekwisha kujulikana: ni moshi na hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe na mafuta yachomwayo katika viwanda na magari, pamoja na misitu ikatwayo. Watu wa elimu huyaita mambo haya mabadiliko ya tabianchi. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba vifo vya watu waliopita miaka 65 viletwavyo na joto viliongezeka kwa asilimia 85 hivi, tukilinganisha miaka ya 2000 hadi 2004 na miaka ya 2017 hadi 2021.

Twataka kuwasimulia mambo yaliyotokea Ufaransa, maana huko ndiko watu walikoona kwa macho yao jambo hili lilivyo.

Mwezi wa Agosti mwaka 2003 joto kubwa liliiangukia Ulaya. Ufaransa ni nchi tajiri, yenye hospitali nyingi na waganga hodari. Lakini joto halikupoa usiku. Hili ndilo linaloua: mwili ukipata usiku wa baridi hupumzika, bali ukikaa katika joto mchana na usiku, siku baada ya siku, moyo huchoka. Mjini Paris nyumba nyingi za zamani zimeezekwa kwa zinki, na chini ya paa hilo mna vyumba vidogo ambamo wengi wa maskini na wapweke hukaa. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba kulala katika chumba kilicho chini tu ya paa kulikuwa moja ya mambo yaliyozidisha hatari ya kufa. Mwezi wa Agosti ndio Wafaransa wengi waendao kupumzika pwani na milimani. Watoto walikuwa mbali, majirani mbali, hata waganga wengi walikuwa likizoni. Wazee walibaki nyuma ya milango iliyofungwa.

Walikufa watu wapatao 15,000 zaidi ya kawaida ya majira yale, wengi wao wenye miaka 75 au zaidi. Na katika Ulaya yote kiangazi kile walikufa zaidi ya 70,000. Vyumba vya maiti vilijaa, hata likatumika ghala la baridi la soko kuu la vyakula huko Rungis. Tarehe 3 Septemba walizikwa katika makaburi ya Thiais watu 57 ambao hakuna jamaa aliyekuja kuwachukua. Rais wa nchi, Jacques Chirac, alikwenda mwenyewe kusimama penye makaburi yale. Twasifu kwamba alikwenda. Lakini tazameni, ndugu, nani aliyewafuata wafu hao hata kaburini: serikali.

Wafaransa walitahayari, nao hawakuishia hapo. Tangu mwaka 2004 waliweka sheria kwamba kila mji uwe na orodha ya wazee na wagonjwa wakaao peke yao, ili siku za joto wapigiwe simu na kutembelewa. Tena walitenga siku moja katika mwaka ambayo watu wafanye kazi bila mshahara wa nyongeza, na waajiri watoe fedha za kuwatunza wazee na vilema. Na siku waliyoichagua hapo mwanzo ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, ambayo kwao ni sikukuu! Wengi walinung'unika kwa kunyang'anywa sikukuu yao. Sisi hatujui kama Roho Mtakatifu alinung'unika pamoja nao.

Twajua watakaosema: Hayo ni ya Wazungu. Kwetu mzee haachwi peke yake; kwetu mzee ana wana na wajukuu na ukoo. Neno hili twalisikia mara nyingi katika mikutano, nasi wenyewe tumelisema mimbarani. Haifai tulirudie kabla ya kusimulia jambo lililotupata.

Katika usharika wetu, ulio katika nchi ya joto karibu na pwani, alikuwako mama mzee, mjane, aliyeketi siku zote kwenye benchi la pili upande wa dirisha. Watoto wake wawili walikuwa mbali kwa kazi, nao walimpelekea fedha kwa simu kila mwezi bila kukosa. Hatuwalaumu. Alikaa katika chumba kimoja chenye paa la bati lisilo na dari. Mwezi wa Februari, ambao kwetu ni mwezi wa kuoka, hakuonekana Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza hatukuona. Ya pili tulidhani amesafiri. Ya tatu mtunza hazina, alipokuwa akipanga bahasha za ahadi, alisema kwamba bahasha ya mama huyu haijaja, naye si kawaida yake. Ndipo tulipokwenda.

Kwa hiyo jueni, ndugu, kwamba sisi wachungaji na wazee wa kanisa tuliikosa bahasha kabla ya kumkosa mtu.

Tulimkuta sakafuni juu ya mkeka, dirisha limefungwa na mlango umefungwa, maana aliogopa wezi. Alituita kwa majina ya watu waliokufa zamani. Jirani alikuwa amemsikia akisema maneno yasiyo na maana, akafikiri ni uzee. Ndoo ya maji ilikuwa karibu naye, nayo haikupungua. Hospitalini mganga alisema mwili umekauka na figo zimechoka sana. Alipopata nafuu kidogo tulimwuliza, Mama, mbona hukunywa na maji yalikuwapo? Akajibu kwa upole kama mtu aelezaye jambo la kawaida: kwanza hakusikia kiu, pili, choo kiko ng'ambo ya ua, njia ina mawe, na usiku anaogopa kuanguka, basi alizoea tangu alasiri asinywe kitu, asije akalazimika kutoka.

Tulimzika majuma matatu baadaye. Katika cheti cha mganga hakukuandikwa neno joto. Ndivyo ilivyo karibu mahali pote: joto huua likiwa limejificha nyuma ya moyo na figo na mapafu, na kwa hiyo twahesabu ugonjwa, hatuhesabu jua. Huko Chicago, katika Marekani, walikufa watu zaidi ya 700 katika siku chache za joto la Julai mwaka 1995, na wengi wao walikuwa wazee wapweke waliofunga madirisha yao kwa kuogopa wezi. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mama yetu. Bahari kuu yote iko kati yao, na dirisha ni moja.

Wala joto la chumbani silo jambo pekee. Mvua ikikosa na kisima kikakauka, mwenye miguu huenda mbali zaidi, bali mzee achotaye maji mwenyewe hupunguza kunywa na kuoga. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, mvua za majira matano mfululizo zilikosa katika pande za Somalia, Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Nao vijana walipohama na wanyama kutafuta malisho, wasioweza safari walibaki vijijini. Na mafuriko yakija usiku, anayetoka wa mwisho ni yule aliyetafuta fimbo yake kwanza. Katika nchi za milima nako, joto likipanda, mbu wa malaria hupanda pamoja nalo, huko walikozeeka watu ambao miili yao haikuzoea ugonjwa huo.

Wako wanaosema katika sharika zetu kwamba haya ni dalili za mwisho, na kwa hiyo tusihangaike, imetabiriwa. Wengine wasema ni adhabu juu ya wenye dhambi. Bwana wetu aliulizwa jambo kama hili, nasi twasoma jibu lake katika Luka, mlango wa 13: alikanusha kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, akawageuzia waulizaji maneno, watubu wao. Mjane wetu hakufa kwa dhambi yake. Na kama ni mwisho wa dunia, basi heri yule mtumwa ambaye Bwana wake ajapo atamkuta akipeleka maji.

Iko na hoja ya tatu, nayo ina nguvu kuliko hizo mbili. Watu husema: moshi huu hatukuuwasha sisi. Ni kweli. Bara la Afrika lote hutoa sehemu ndogo sana ya hewa hiyo mbaya, na nchi zilizopata utajiri kwa makaa na mafuta zina deni ambalo hazijalilipa. Haifai Wakristo kulificha neno hili kwa adabu. Wala wazee wenyewe hawalifichi mahali pote. Katika Uswisi wako akina mama zaidi ya 2,000, wote wazee, waliofanya chama wakaishtaki serikali yao, wakisema kwamba haifanyi ya kutosha kuzuia joto linalowadhuru wao kuliko wengine. Walishindwa katika mahakama za kwao, wala hawakukoma. Tarehe 9 Aprili 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, iliwapa haki yao. Tulipoipata habari hiyo tulimkumbuka yule mjane wa Luka mlango wa 18 aliyemchosha kadhi.

Lakini amri ya nne haiulizi ni nani aliyewasha moto. Yauliza, Baba yako yuko wapi, na mama yako? Katika Katekisimo Ndogo, Dr. Martin Luther, alipoieleza amri hiyo, hakuishia penye kutii tu, alitaja na kuwatumikia. Tena alipoieleza amri ya tano, ile ya kutoua, hakuridhika na mtu kuizuia mikono yake. Alitaka amsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili. Watoto wetu wa kipaimara huyasema maneno hayo kwa moyo bila kukosea hata neno. Sisi walimu wao tuliyasema vilevile, na mama yule alikuwa mwendo wa dakika 10 kutoka kanisani.

Na tusijidanganye kwa fedha za simu. Katika Marko, mlango wa 7, Bwana aliwakemea waliojitoa katika wajibu wa kuwatunza wazazi kwa kusema mali yao ni Korbani, imekwisha kuwekwa wakfu. Siku hizi Korbani ina sura nyingi. Mwingine amewekea wakfu jengo la kanisa, mwingine kazi yake ya mjini, mwingine kwaya. Fedha hununua maji. Hazifungui dirisha, wala hazimshiki mtu mkono kwenda chooni usiku.

Turudi kwa Barzilai, maana neno lake la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Akataa asiwe mzigo. Wazee wetu wote wasema hivyo. Ukimwuliza mzee, Hujambo, atakujibu, Sijambo, mwanangu. Ukimwuliza kama amekula, amekula. Ukimwuliza kama aona joto, atasema joto ni la Mungu. Wamelea watoto saba na kuzika watatu pasipo kumlilia mtu, nao waona haya kuomba kikombe cha maji. Ndiyo maana si haki kungoja mzee aseme. Mwili wake haumwambii, na heshima yake haimruhusu. Barzilai na wenziwe hawakungoja Daudi atume mjumbe kutoka nyikani.

Sasa, ikiwa hatukuwa na neno ila amri hizi, tungeondoka hapa tumehukumiwa tu, maana ni nani kati yetu asiye na mzee aliyemsahau? Lakini tutazame msalabani. Yohana, mlango wa 19, aweka mambo mawili mahali pamoja, moja likifuata lingine. Bwana wetu, katika saa ya kufa kwake, amwona mama yake chini ya msalaba, naye amkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Kisha, neno lifuatalo, Bwana asema kwamba ana kiu. Yeye aliyeumba mito alikauka kinywa. Kiu wanayoiona haya wazee wetu, yeye aliitamka mbele ya watu wote, naye hakuitamka kabla hajamweka mama yake mahali pa kukaa. Amezilipa dhambi zetu pale, pamoja na hii ya milango tuliyoipita. Tena Mungu ameahidi kwa kinywa cha Isaya, mlango wa 46, kwamba yeye ndiye atakayewachukua watu wake hata wawe na mvi. Hasemi kwamba wamekuwa mzigo. Basi twaweza kurudi kwenye milango ile bila kuogopa, nasi tumesamehewa.

Walimu na wainjilisti wametuandikia wakitaka kujua la kufanya. Tutasema machache tuliyofundishwa na waganga na tuliyojifunza kwa makosa yetu.

Andikeni majina ya wazee wakaao peke yao katika kila mtaa, pamoja na wale wakaao na watoto wadogo tu, maana hao nao ni wapweke mchana kutwa. Kila jina liwe na mtu wake wa kwenda, si kamati. Siku za joto aende asubuhi na jioni. Asiulize kama mzee ana kiu. Amimine maji, aketi, wanywe wote wawili. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, mganga aulizwe kwanza kipimo cha maji kwa siku. Chombo cha haja ndogo kiwekwe karibu na kitanda usiku, na binti au kijana wa nyumbani akimwage asubuhi bila kununa. Dirisha likiogopewa kwa ajili ya wezi, wekeni nondo na wavu wa mbu, lipate kufunguliwa usiku. Paa la bati likipakwa rangi nyeupe au kuwekewa dari, chumba hupoa. Hii ni kazi ya vijana ya siku moja au mbili.

Mzee akilalamika kichwa na kizunguzungu, akiwa mnyonge kuliko jana, au mkojo wake ukiwa haba na mweusi, mpelekeni kivulini, mfungueni nguo, mlowesheni kwa kitambaa cha maji shingoni na kwapani, mpepeeni, anywe kidogo kidogo. Akianza kusema maneno ya ovyo, au ngozi yake ikiwaka na hajitambui, msiseme ni uzee. Msimtie kitu kinywani. Mwiteni mwenye gari, na njiani mzidi kumlowesha na kumpepea.

Na kanisa lenyewe lijitazame. Tumebadili saa ya ibada miezi ya Desemba hata Machi. Sasa twaanza saa 1 asubuhi, na mnada wa mazao, ambao kwetu huwa mrefu kuliko hotuba, umeondolewa juani. Mazishi ni jambo zito zaidi. Desturi yetu ni kuzika saa 8 au saa 9 mchana, na wazee, kwa kuwaheshimu marehemu, huja wamevaa makoti meusi, nao husimama juani hata salamu za mwisho za vyama vyote zitakaposomwa. Tumeomba jamaa wazike asubuhi au jua likiisha kupungua. Wengine wamekubali, wengine wamekasirika, wakisema wageni watachelewa. Twazidi kuwaomba.

Katika mtaa wetu wa kwanza orodha ilipoandikwa ilitoka majina 23. Tulidhani yatakuwa sita au saba. Vijana wa kipaimara wamegawana nyumba hizo, wawili wawili, nao huenda na ndoo kila Jumamosi, na siku za jua kali kila siku. Jumamosi iliyopita wawili walirudi na ndoo ikiwa imejaa bado nusu, tukawauliza kwa nini. Walisema babu wa nyumba ya mwisho amewaambia maji yametosha. Ila kesho warudi mapema kidogo, wasije wakaondoka upesi, maana tangu Jumatano hakuna mtu aliyefika kwake.